Pumzi ya Kigae

Tarehe 4 Februari

Mke wangu mfinyanzi,

Kabla hujauliza: nimekula, nimelala, miguu bado ni miwili. Sasa tuongee.

Umesema nianze tena kukuandikia kama mwaka jana, kwa sababu kwenye simu mimi ni mtu wa "ndiyo, ndiyo, haya," kisha mtandao unakata. Ni kweli. Mdomo wangu huchoka kabla ya mkono. Ila ujue niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikutana na kosa, liruke kama unavyoruka dimbwi.

Chumba chetu kina vitanda vinne na dirisha moja. Anayelala juu yangu ni mpishi wa kantini, mtu mwema, lakini anakoroma kama tanuri lililotiwa kuni mbichi. Kazini bado ni jengo la wasomi, ghorofa tatu, na korido inang'aa mpaka unaona soli za viatu vyako mwenyewe. Mimi nasimamia mashine ghorofa ya chini. Ni mambo ya kiufundi, siwezi kukueleza yote. Mgongo unauma kidogo, lakini mgongo wa mtu wa miaka hamsini na miwili usipouma, ujue mwenyewe ameshazikwa.

Kile kigae bado kiko mfukoni. Unakumbuka chungu chako cha kwanza kilichochuja maji yakatoka meupe, na mimi kwa furaha nikakinyanyua juu nikakiangusha? Ulininunia siku tatu. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Mume wa mfinyanzi yeye anatembea nalo.

Tanuri linaendeleaje?

Kobe wako


Tarehe 19 Februari

Kobe,

Barua imefika. Soli za viatu vyako nimeziona. Siku nyingine tumia wino mweusi, huu wa bluu umepauka kama shati la mazishi.

Tanuri haliendelei. Zahanati imerudisha vyungu kumi na viwili. Vyote! Muuguzi Mkuu alikuja mwenyewe, akavipanga mlangoni pangu kama watoto waliofukuzwa shule, akasema, "Mama, maji yanapita mbio, na yanatoka na uchafu wake. Hiki si chungu cha kuchujia, hii ni njia ya mkato." Majirani walikuwa wanasikia. Nilitamani udongo unimeze, ila ulikuwa ni udongo uleule ulioniaibisha.

Nimebadilisha shimo la udongo. Nimepunguza moto. Nimeongeza moto. Nimemlaumu wifi yangu, dada yako, nimemlaumu muuza kuni, juzi nimemlaumu mbuzi. Muuguzi amenipa nafasi moja tu: mwisho wa mwezi wa sita nipeleke kumi na viwili vingine. Visipopita, watachukua kwingine, na hili tanuri tutakuwa tunafugia kuku. Unajua tuko wanne hapa. Unajua nimefanya kazi hii miaka mingapi. Sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua.

Usifikirie sana, utaumia mgongo.

Mkeo


Tarehe 6 Machi

Mke wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu, ya mwisho kwa kusimama. Herufi zako mbona zimekuwa kubwa?

Sikiliza kilichonitokea. Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa na mashine yangu koridoni, mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka dada mmoja mtaalamu, nywele zimesimama kama amepigwa na umeme.

"Nani ana kitu kinachotetemeka?"

Nikasema, "Mimi. Lakini hakitetemeki sana."

"Mzee, wiki tatu picha zangu zinatoka na ukungu kila siku saa nne! Nimebadilisha nyaya, nimebadilisha vipuri, nimemlaumu fundi wa umeme mpaka hanisalimii. Kumbe ni wewe?"

Nikamwambia, "Kama ni salamu za fundi wa umeme, mimi nitakuletea."

Akacheka bila kutaka. Hapo nikajua sitafukuzwa.

Kumbe ndani ana hadubini kubwa kama kabati, haitumii mwanga, inatumia elektroni. Ameniambia elektroni ni vitu vidogo mno, na hadubini inavirusha. Mimi nimeelewa hivi: ni kama kurusha mchanga kwenye ukuta gizani na kusikiliza unavyorudi, ukajua palipo na ufa. Ni makini kiasi kwamba mtu akiburuta kiti koridoni picha inaharibika. Sasa tumepatana: yeye akipiga picha, mimi mashine nazima, naweka kigoda mlangoni, nakaa. Anayepita kwa vishindo namwonyesha kidole mdomoni. Hata profesa nimemnyamazisha. Alitii!

Jana nikiwa pale kigodani nilikuwa nachezea kigae. Akauliza ni nini. Nikamweleza kazi yako yote: udongo, unga wa mbao uliochekechwa, kinyunya kilichokandwa, tanuri, unga unaungua, nafasi yake inabaki vitundu, maji yanapita, uchafu unabaki. Akasema, "Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi natazama vitu vyenye vitundu. Nataka kujua vitundu vinashikana vipi humo ndani. Mkeo amesomea wapi?" Nikasema, "Kwa mama yake."

Nitumie kigae kimoja cha vyungu vilivyorudishwa. Atakiingiza kwenye mashine pamoja na hiki changu. Usiulize, tuma.

Kobe wako


Tarehe 21 Machi

Kobe,

Kigae hicho, nimekifunga kwenye kitambaa. Nimevunja chungu kizima kwa ajili ya huyo dada yako mwenye nywele zilizosimama. Mwambie mimi najua ndani ya chungu pana nini: pana jasho langu.

Na wewe unakaa kigodani naye anakuchekea. Haya. Kobe naye ana shingo, akitaka huitoa.

Unasema herufi zangu zimekuwa kubwa. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu msomaji wangu aliishia darasa la sita.

Wifi yangu anakusalimu. Mvua bado.

Mkeo


Tarehe 12 Aprili

Mke wangu mfinyanzi,

Hii ni barua ndefu, kalia kitu.

Tumeingia. Chumba chenyewe hakina dirisha, na pale ndani mtu huongea kama yuko kwa mgonjwa. Dada Hadubini alikata punje kutoka kila kigae, ndogo kama punje ya chumvi. Kisha akazipaka dhahabu. Ndiyo, dhahabu, nyembamba kuliko pumzi kwenye kioo. Bila hivyo elektroni hazioni vizuri. Miaka ishirini na minane sijakuvisha hata hereni ya dhahabu, na udongo wako umekutangulia.

Halafu zinawekwa ndani ya kisanduku cha chuma, na pampu inanyonya hewa yote, isibaki hata ya kuzimia mshumaa. Kitu kikavu cha watu wengine huchukua nusu saa. Ile punje ya kigae chetu cha zamani ilichukua saa tatu. Namba kwenye kioo cha kompyuta zinashuka, zinagoma, zinashuka. Dada akasema, "Mzee, kigae chako bado kinapumua. Kimeficha hewa humo vitunduni."

Nikauliza, "Hewa ya wapi?"

"Ya kilipokaa."

Nikapiga hesabu. Mfukoni mwangu kimekaa miezi kumi na minne. Kabla ya hapo, miaka kumi na mmoja kwenye dirisha la jikoni, pale karibu na chumvi. Labda ni ujinga wa mtu asiyesoma, lakini nilisimama mbele ya kile chuma saa tatu nzima, nikawa naona jiko letu linatoka humo kidogo kidogo. Moshi wako. Kikohozi changu. Siku zile ulipokuwa unaimba ukidhani sipo. Mgongo ulikuwa unaniuma na sikukaa.

Baada ya hapo mashine ikaanza kumenya. Mwale mmoja unamenya punje, ganda jembamba mno; mwingine, ule wa elektroni, unapita juu ya palipomenywa kama kidole cha kipofu, unachukua picha. Menya, picha. Menya, picha. Siku mbili. Mwisho kompyuta inapanga picha zote kama vipande vya mkate, mpaka mkate unarudi kuwa mzima. Unaweza kuuzungusha, kuingia ndani, kutokea upande wa pili. Kisha dada akafanya ajabu: akafuta udongo, akabakisha vitundu peke yake. Nikawa natazama kitu ambacho hakipo, na kina umbo!

Sasa sikiliza. Kigae cha zamani: vitundu vidogo, vingi, vinashikana kwa vishingo vyembamba. Maji yakiingia humo yanapita kama watu kwenye mlango wa shule, mmoja mmoja, na uchafu unashindwa. Kigae kipya: vitundu vilevile vidogo, lakini katikati yake limepita tundu moja refu, pana, limenyooka. Barabara. Maji hayana haja ya kupanga foleni.

Dada akasema, "Hapa palikuwa na kijiti." Mimi sikuhitaji kuambiwa. Hilo ni randa la mbao, si unga. Udongo wako hauna kosa, moto wako hauna kosa. Ni kuchekecha.

Nani anachekecha siku hizi? Najua si wewe. Wewe ulikuwa unachekecha mara mbili, ya tatu kwa ajili ya mashetani. Ni wifi yako? Namfahamu dada yangu, mkono wake mvivu tangu tukiwa wadogo. Mwambie ukweli, usimwonee aibu.

Kobe wako


Tarehe 24 Aprili

Nachekecha mimi mwenyewe. Mara mbili. Na ya tatu.

Nimemsomea wifi yangu barua yako kabla sijaimaliza, amelia, ameondoka, na ni kweli hajagusa chekecheke tangu uondoke. Sasa tuko watatu.

Nimefanya kazi hii kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Mtu anayesugua vyoo asinifundishe kuchekecha.

Nimesema. Barua yako ya tatu, mwaka jana, uliiandika nyuma ya karatasi yenye mistari: Choo cha kwanza, Choo cha pili, Choo cha tatu, na alama ya vema pembeni. Nilijua tangu siku hiyo ni mashine gani unayoisimamia.


Tarehe 10 Mei

Mke wangu,

Ni kweli. Nafagia, nasugua, nang'arisha sakafu. Vyoo ni kumi na kimoja. Mashine yangu ni ile ya kung'arisha, na ndiyo iliyotikisa hadubini ya watu.

Niliondoka nikisema naenda kuwa fundi, na nilipofika ile nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Nilidhani nitakuambia mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata nao ukawa na mwezi unaoufuata. Umenisitiri mwaka mzima, ukawa unauliza "mashine inaendeleaje" bila hata kucheka. Nimeona aibu, kisha nikacheka peke yangu, mpishi akaniuliza kama nina homa.

Dada yangu nimemwandikia. Nimemwomba msamaha kwa maneno ya kuweza kusomwa mbele ya watu. Akirudi, mpe kiti kizuri.

Sasa zamu yako, na usinikasirikie.

Uliposema unachekecha mwenyewe nilikuamini. Ndipo nikaogopa. Maana kama mkono ni wako na randa limepita, basi kuna kitu kingine. Nikatoa barua zako zote, nikazipanga kitandani kwa tarehe, kama dada anavyopanga picha zake. Ya kwanza: herufi ndogo, zimekaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Ya Februari: kubwa, na wino wangu eti umepauka. Kalamu ilikuwa mpya, mke wangu. Ya Machi: mistari inapanda mlima. Ya mwisho: neno limetoka nje ya karatasi, "mara" iko kwangu, "mbili" iko kwenye meza yako.

Unaona vizuri?

Usinijibu kwa mzaha. Hata kama ni mzaha mzuri.

Kwenye boksi hili nimekuwekea vitu viwili. Nilipomwambia Dada Hadubini kwamba picha hazitakufaa, hakuuliza kwa nini. Alikaa na kompyuta yake, na wana mashine nyingine inayojenga kitu kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Amekujengea vitundu vya udongo wako, vimekuzwa kutoka punje ya chumvi mpaka ukubwa wa mkate. Chenye uzi ni kigae cha zamani. Kisicho na uzi ni kipya.

Usivitazame. Funga macho, upitishe kidole.

Kobe wako, mfagiaji


Tarehe 30 Juni

Mume wangu,

Barua hii anaiandika wifi yangu, mimi nasema. Amerudi, na kiti kizuri amekikalia. Anataka iandikwe pia kwamba mkono wake si mvivu. Haya, imeandikwa.

Boksi lilipofika nilikaa nalo mlangoni. Nilifumba macho kama ulivyosema. Cha kwanza kilikuwa kama mizizi ya nyasi ukiing'oa baada ya mvua, inaenda huku, inarudi, inashikana, haina mwisho. Miaka yote hii nimeufinyanga udongo kwa nje, sikujua ndani nimetengeneza kitu kama kile. Nilikishika muda mrefu. Wifi yangu anasema nilikuwa nacheka.

Cha pili kilianza vilevile, mizizi, mizizi, kisha kidole kikateleza kwenye kitu kinene kama mpini wa mwiko. Nilikifuata mpaka mwisho. Kina kona nne. Nilikijua kwa kucha: kijiti cha mbao, kimekatwa kwa msumeno, si kwa randa ya mkono. Picha yako nisingeiona, Kobe. Hiki nilikiona.

Nikanyanyuka nikachukua chekecheke. Sikulitazama, maana nimelitazama kila siku na halikuniambia kitu. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wote. Karibu na mshikio wavu umechanika, upana wa kucha. Nimekuwa nikichekecha mara mbili, na ya tatu, kupitia dirisha lililo wazi.

Ndiyo. Sioni vizuri. Jicho la kushoto lilianza kabla hujaondoka, kama mtu ameegesha mlango bila kuufunga. La kulia lilifuata. Sikusema kwa sababu ungebaki, na ulikuwa umeshaaga watu. Baadaye sikusema kwa sababu sikujua naanzia wapi. Na wewe una vyoo kumi na kimoja, unajua mambo hayo.

Wavu tumeweka mpya. Wifi yangu anachekecha, mimi napitisha vidole kwenye unga baada yake, na anakasirika, na mimi naendelea. Jana Muuguzi Mkuu ameviweka kumi na viwili kwenye meza yake, akajaza maji ya dimbwi, akakaa. Hata soda aliyokaribishwa hakunywa. Tone, kimya, tone, kimya. Mimi nilikuwa nahesabu kwa masikio. Kumi na kimoja vimepita, na amevichukua. Cha kumi na mbili kilipasuka kwa sababu wifi yangu alikigonga na kiwiko kwa wasiwasi. Amesita kuandika sentensi hiyo lakini nimemsimamia.

Halafu Muuguzi Mkuu, badala ya kuniambia hongera, akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Ni mtoto wa jicho. Daktari wa macho anakuja tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane. Anatoa wa jicho moja, baadaye wa lingine. Muuguzi anasema siku hiyo nitafungwa kitambaa, na lazima awepo mtu wa kunishika mkono kunirudisha nyumbani. Wifi yangu amejitolea. Nimemwambia ataniongoza mpaka kwenye ukuta kwa kulipiza kisasi cha vidole.

Sasa sikiliza, hili ni la kikazi. Hapa tanurini pana vumbi la udongo, majivu, na unga wa mbao uliomwagika. Hakuna mtu wa kufagia. Tunahitaji mfagiaji mzoefu, anayejua kukaa kimya kwenye kigoda watu wakifanya kazi makini. Mshahara ni chakula na kelele. Choo ni kimoja tu.

Aje kabla ya tarehe ishirini na mbili.

Mkeo


Tarehe 14 Julai

Mke wangu mfinyanzi,

Kazi nimeikubali. Mkataba wangu hapa unaisha tarehe kumi Agosti, nimekataa kuuongeza. Msimamizi aliniuliza kama nimepata pengine pazuri zaidi. Nikamwambia choo ni kimoja, akanielewa.

Dada Hadubini amenipa mkono, akaniuliza nani atamkalia mlangoni sasa. Nimemtafutia yule fundi wa umeme. Wameanza kusalimiana.

Kigae nakirudisha. Kona moja imepungua kwa punje ya chumvi, usininunie tena siku tatu. Nimekirudisha mfukoni tangu siku ile kilipotolewa hewa yote, na kimeshajaa hewa ya huku, korido na sabuni. Nikifika kiweke palepale dirishani karibu na chumvi, kianze upya.

Dada yangu, wewe unayemsomea hii: hapa pumzika kidogo, umpe aishike karatasi mwenyewe. Mistari ya chini nimeiandika kinyume kama kwenye kioo, kwa kuikandamiza kalamu kwa nguvu zote, mpaka imetokeza upande wa pili. Ageuze, apitishe kidole.

NINAKUJA. NIMEJUA NJIA YA KUKUSHIKA MKONO.

Kobe